Ushatuma muswada na sasa hulali? Njoo tuongee

Naandika hii saa tano usiku, duka nishafunga, mana leo nimepigiwa simu na mdogo wangu mmoja yuko Muheza ambaye alituma hadithi yake kwenye shindano tangu mwezi wa kumi na moja, na nilijua kinachomsumbua kabla hata hajamaliza kusalimia. "Shikamoo dada. Dada, mpaka leo hawajasema kitu, we unaonaje, ndo nimekosa?" Halali vizuri, chakula hakipandi, asubuhi mchana na usiku yuko kwenye ukurasa wa waandaaji anaangalia kama kuna posti mpya. Tumeongea karibu saa nzima mpaka salio likakata, afu nikaona bora niyaandike haya mana najua hayuko peke yake.

Mi nafanya kazi steshenari hapa Tanga mjini, nachapa CV na barua za watu, natoa kopi, nabaindi, na usiku baada ya kufunga ndo nachapa vya kwangu. Mwaka 2019 nilimaliza riwaya fupi ya maneno kama 34,000 nikaituma kwenye shindano, tangazo likisema matokeo yatatoka mwisho wa mwezi wa tatu. Jamani ile miezi. Namba ngeni ikipiga tu mwili wote unakufa ganzi. Siku moja mtu kaandika kwenye grupu letu la WhatsApp "nasikia washaanza kuwapigia washindi", haijapita hata nusu saa simu yangu ikaita, namba siijui, nikatoka nje mbio mteja nimemuacha na kitambulisho chake kwenye mashine ya kopi, kumbe ni kijana wa bodaboda kaleta rimu za karatasi anaulizia mlango. Nilikaa pale kibarazani muda mrefu nashindwa kurudi ndani.

Mama akawa ananiangalia tu. Kuna usiku akaniambia, "Mwanangu, hiyo simu haizai, hata ukiilalia." Sikumsikia.

Mwezi wa tatu ukaisha, wa nne ukaisha, katikati ya mwezi wa tano mtu akarusha picha ya washindi kwenye grupu, mi simo, na hakuna imeili wala meseji yoyote niliyotumiwa na waandaaji. Nililia, tena sana. Ila kilichokuja kuniuma zaidi nilikigundua baadae nilipofungua kompyuta nitafute faili jingine, nikaona tangu siku niliyotuma mpaka siku ya ile picha ni miezi sita kamili na sijaandika hata ukurasa mmoja mpya. Shindano liliniomba riwaya moja, mi nikalipa na nusu mwaka juu yake.

Kwahiyo cha kwanza ninachomwambia kila anayeniuliza ni hiki: anza kazi nyingine kabla hujatuma hii. Kabla, sio baada. Ukishabonyeza kutuma akili inabaki haina pa kushika, na ukiwa na muswada mwingine umeshaanza angalau una mahali pa kurudi usiku ule ule. Mara ya pili niliposhiriki, mwaka 2022, nilikuwa na kurasa kumi na mbili za hadithi nyingine kabisa, na nilizikatisha makusudi katikati ya ugomvi wa mke mwenza na mwenzie, mmoja keshanyanyua mwiko, ili nikikaa tena nisianze kutafuta niandike nini. Nilituma ule muswada saa moja jioni na saa tatu nilikuwa nishawarudia wale wanawake. Wasiwasi ulikuwepo bado, moyo ulikuwa unadunda, ila vidole vilikuwa vina kazi. Watu watakwambia subira yavuta heri na ni kweli, lakini hakuna anayekuonyesha hiyo subira unaifanyaje saa nane usiku ukiwa macho, na mi jibu nililolipata ni hilo tu.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kujua muswada wangu uko wapi muda wote huo. Kuna mwalimu mmoja mstaafu huwa anakuja kuprinti kwetu, aliwahi kuwa jaji wa mashindano, nikamuomba anieleze, akavuta kiti akanieleza vizuri. Kwanza wanachuja masharti, nani kazidisha maneno, nani kaandika jina lake ndani ya muswada wakati wamesema lisiwepo, nani katuma faili halifunguki. Afu zinazobaki zinagawiwa majaji, kila mtu anasoma kivyake na kutoa maksi zake, ndo wanakutana, na hapo kwenye kukutana ndo shughuli, mana huyu kaipa ya kwanza ile ambayo mwenzie kaiweka ya tisa na inabidi wote wairudie. Na majaji wengi ni walimu wa vyuo, wana mitihani ya kusahihisha na wanafunzi wa kuwasimamia. Hebu chukulia miswada 200 tu, kila mmoja kurasa 150, hizo ni kurasa 30,000. Nani anasoma kurasa 30,000 kwa wiki mbili? Niliposhika hiyo hesabu niliacha kuufanya ukimya wao kuwa jibu.

Na sio kwetu tu. Lile shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola linapokea hadithi za Kiswahili (kama hujawahi kujaribu jaribu, halina kiingilio, hadithi iwe maneno 2,000 mpaka 5,000), na dirisha lake linafungwa mwanzoni mwa Novemba lakini orodha fupi, yaani majina ya waliobaki baada ya mchujo, mpaka mwaka unaofuata kwenye Aprili au Mei. Hiyo ni nusu mwaka, na kwenye shindano la 2024 walipokea hadithi 7,359. Sasa we unataka wakujibu Januari! Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu angalau ina siku yake, wanaitoa Aprili 13, tarehe aliyozaliwa Mwalimu, kwahiyo anayesubiri hiyo anajua asubiri mpaka lini. Namuelewa anayeiota usiku na mchana, mana wa kwanza anapata milioni 10 na kitabu kinachapwa, kwa mtu kama mimi hiyo sio zawadi, ni nyumba kuezekwa. Lakini andika tarehe ya shindano lako kwenye kalenda, jumlisha mwezi mmoja na nusu wa kuchelewa, na kabla ya hapo usiende kwenye ukurasa wao. Mi niliufuta kabisa kwenye simu, na lile grupu nikaliweka kimya, taarifa ya kweli ikitoka itakufikia tu hata kama umelala.

Muswada wenyewe usiufungue tena. Hili nakusihi. Utakuta "amabye" badala ya "ambaye" ukurasa wa tatu na hutolala, na kurekebisha huwezi. Mi nilikuta jina la mhusika nimelibadilisha katikati, Mwanaidi kawa Mwanaisha kurasa mbili nzima, nikaamini nimekosa kwa sababu hiyo. Yule mwalimu aliniambia wao wanatafuta hadithi, hawatupi muswada kwa kosa moja la jina.

Sasa kuna hili la matapeli na linaniudhi sana mana wanawinda watu wakiwa kwenye hali hii hii. Mtu anapiga, anajua jina lako na jina la shindano (umelitaja mwenyewe kwenye statasi), anakwambia hongera umeingia tatu bora, tuma elfu thelathini ya kuandaa cheti na usafiri. Usitume. Hakuna mshindi anayelipia ushindi wake. Kata simu, andika imeili kwenye anwani iliyokuwa kwenye tangazo uliloshiriki nalo, uliza. Dada mmoja tunayefahamiana alitoa hela ya ada ya mtoto, na mpaka leo akisikia neno shindano anaondoka.

Kuuliza sio dhambi pia. Wengi tunaogopa tukiuliza tutaonekana wasumbufu watatukata. Ikipita wiki mbili baada ya tarehe waliyosema wenyewe, andika mistari mitatu tu: Habari za kazi. Nilituma muswada wenye jina hili tarehe fulani. Naomba kufahamu kama matokeo yameshatoka au kuna tarehe mpya. Asante. Basi, usieleze maisha yako, usiulize umepata maksi ngapi. Wasipojibu iache. Na soma masharti kama wanakukataza kupeleka muswada huo sehemu nyingine wakati bado wanao, mara nyingi wanakataza, ila kazi zako nyingine ziko huru zipeleke popote.

Mwambie mtu mmoja, asizidi. Mi 2019 nilitangaza mtaa mzima na kila nikipita "vipi, majibu?" Mara ya pili alijua mama peke yake. Ile 2022 niliingia orodha fupi na mwisho sikushinda, na siku ile matokeo yametoka tulikaa naye jikoni anakuna nazi hajaniuliza kitu mpaka niliposema mwenyewe. Akaniuliza wale wake wenza wamefikia wapi. Nikaenda kuwamaliza.

Kuna jambo naomba ulijue hata ukishinda. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, yule aliyeandika hadithi za mpelelezi Bwana Msa, riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishika namba moja kwenye shindano la East African Literature Bureau, shirika la vitabu la enzi za mkoloni, la 1957 hadi 1958, na kitabu kikachapwa 1960. Yaani keshashinda, namba moja, na bado kasubiri tena. Kwahiyo huku kusubiri tunakokuogopa kumo kwenye kazi yenyewe kama kusoma prufu (ile nakala ya kukagua makosa kabla kitabu hakijachapwa), na mdogo wangu wa Muheza nimemwambia akitaka kuandika miaka ishirini itabidi ajue namna ya kukaa nako toka sasa hivi akiwa na hadithi moja.

Nimemuuliza una hadithi nyingine umeanza? Kanyamaza, afu kasema ninayo ila ni ukurasa mmoja. Nimemwambia anitumie kesho jioni ikiwa kurasa tatu, sitaki ziwe nzuri, nataka ziwe tatu.

Mi mwenyewe nasubiri sasa hivi, nilituma Desemba, ndo mana sauti yake niliijua haraka. Mhusika wangu mpya nimemuacha jana usiku kwenye kivuko cha Pangani na kuku wake wawili, hajafika upande wa Bweni. Ngoja nikamvushe.