Maswali Yenu: Mizizi ya Kilatini Ndani ya Kiingereza

Swali: Nasoma S4, yaani kidato cha nne, hapa Arua, Uganda. Kwenye mtihani wa Kiingereza, kifungu cha ufahamu hakikosi maneno nisiyoyajua, na kamusi hairuhusiwi. Naambiwa nijifunze mizizi ya Kilatini. Nianzie wapi, na nijifunze mingapi?

Jibu: Anza na neno unaloliona kila siku. Barabara ikichimbuliwa, wakandarasi huweka kibao cha "diversion". Likate neno hilo. Katikati mna "vers", sura nyingine ya "vert", ambayo kwa Kilatini ni kugeuza. Mbele yake pana "di-", yaani kando. Nyuma pana "-ion", inayounda nomino. Magari yanageuziwa kando, basi. Sasa fuata mzizi huohuo. Dereva akitia gia ya "reverse", ile tunayoiita rivasi, gari linageuza mwendo lirudi nyuma, kwa kuwa "re-" ni nyuma au tena. "Convert" ni kugeuza kitu kiwe kingine, kama shilingi kuwa dola. "Advertise" ni kuyageuza macho ya watu yaelekee bidhaa, maana "ad-" ni kuelekea. Kibao kimoja cha barabarani kimekupa maneno manne.

Lakini mbona "vert" ikawa "vers"? Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati, kwani jambo hili analo nyumbani. Anayefuata ni mfuasi, anayelinda ni mlinzi, anayeiba ni mwizi. Konsonanti ya mwisho ya mzizi hubadilika na hatupotezi maana. Kilatini kina sababu zake, lakini jicho lako limeshazoea. "Permit" inazaa "permission", "decide" inazaa "decision", "describe" inazaa "description". Ukishika jozi hizi, unaokota pia alama za sarufi pale unapotakiwa kugeuza kitenzi kuwa nomino.

Viambishi vya mbele navyo hubadilika. Tunasema nyumba mbaya, si "nyumba nbaya". Midomo inajiandaa kwa "b" mapema. Vivyo hivyo "in-" ikikutana na "p" huwa "im-": "impossible". Ikikutana na "l" huwa "il-", kama "illegal", na mbele ya "r" huwa "ir-", kama "irregular". "Support" ni "sub-", chini, na "port", kubeba: kubeba kitu kutoka chini yake.

Mizizi 10 inatosha kuanzia: port (beba), vert (geuza), dict (sema), scrib au script (andika), spect (tazama), rupt (vunja), duc au duct (ongoza), ject (rusha), mit au miss (tuma), tract (vuta). Ongeza viambishi 8: re- (nyuma, tena), ex- (nje), in- (ndani, au kukanusha), sub- (chini), trans- (ng'ambo), pre- (kabla), con- (pamoja), de- (kuondoka, kushuka). Chukua mizizi 2 kwa wiki, utamaliza kwa wiki 5. Kila mzizi uwe na ukurasa wake wa daftari: uandike katikati, uzungushie maneno 5 au 6, na kila neno ulitungie sentensi yako mwenyewe. Rudia kesho yake, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya wiki, ukiwa umefunika ukurasa. Wanaonakili orodha ya mizizi 100 kwa usiku mmoja huisahau, kwa sababu mzizi usio na sentensi hauna pa kushikia.

Ndani ya mtihani, tafuta mzizi kwanza, kiambishi baadaye. Kisia maana kwa maneno mawili matatu, halafu isome sentensi nzima ukiwa umeweka kisio lako. Sentensi ikilikataa, ifuate sentensi.

Swali: Niliwafundisha watoto wa P7, yaani darasa la saba, hapa Mbale kwamba "in-" ni kukanusha. Mmoja akaandika kuwa "invaluable advice" ni ushauri usio na thamani. Je, niiache njia hii?

Jibu: Usiiache, Mwalimu. Mtoto huyo alikata neno vizuri ila hakuipa kazi sehemu ya mwisho. "-able" hufanya kazi ya -ika yetu, kama katika someka au lika. Kinachokanushwa ni kule kuweza kutiwa bei: ushauri huo haukadiriki, ni wa thamani mno.

Lenye hatari zaidi ni "inflammable". Hapo "in-" si ya kukanusha, ni ile ya ndani: kitu kinachoingia motoni upesi. Anayelisoma kwenye lori la mafuta akadhani halishiki moto anaweza kuwasha kiberiti kando yake. Ndiyo maana siku hizi wengi huandika "flammable", na kinyume chake "non-flammable". Lifundishe wiki ya kwanza kabisa.

Wafundishe pia kipimo hiki: ondoa kiambishi, uliza kama kilichobaki kinapatikana kwenye neno jingine. "Uncle" ukiiondolea "un-" inabaki "cle", ambayo haipo popote, kwa hiyo hapo hapana kiambishi. Kipimo hiki hakimalizi yote. "Mis-" ya "mistake" si ya Kilatini, imetoka lugha ya kale ya Skandinavia, maana yake vibaya. "Miss" ya "mission" ni kutuma, na ndiko lilikotoka neno letu Misa.

Swali: Nasomea uuguzi Lira. Mizizi hii itanisaidia wodini?

Jibu: Nusu tu, dada. Majina mengi ya magonjwa ni ya Kigiriki. Figo ni "ren" kwa Kilatini, ndiyo "renal". Kwa Kigiriki ni "nephr", ndiyo "nephritis". "Ped" ya "pedal" ni mguu kwa Kilatini, ilhali ya "pediatric" ni mtoto kwa Kigiriki. Na "hyper-" ni kuzidi, "hypo-" ni kupungua: soma herufi moja moja kabla ya kuandika "hypertension" kwenye faili la mgonjwa.

Swali: Mimi ni mzazi, Masaka. Je, nimtafutie mwanangu mwalimu wa Kilatini chenyewe?

Jibu: Hapana haja, isipokuwa anaelekea seminari. Kiingereza kilipata maneno mengi ya Kilatini kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na mengine kupitia vitabu vya wasomi. Maneno ya nyumbani kama "water", "hand" na "eat" yalibaki ya asili, hayo asiyakate. Mpe zoezi la kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Makerere: "Pro futuro aedificamus", tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. "Future" ataiona mara moja. "Edifice", yaani jengo kubwa, mwache aitafute mwenyewe.