Kubonyeza saa kwenye ILS: kuna haja?

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu wako anataka ubonyeze saa ianze kuhesabu muda kwenye ILS, mfumo wa redio unaoongoza ndege kutua, wakati mshale wa glaidislopu, yaani mteremko wa kushukia, unakuonyesha kila kitu. Ni kwa sababu glaidislopu inaweza kukata ukiwa ndani ya mawingu. Ikikata, na chati yako ina mkaribio wa lokalaiza peke yake (ile sehemu ya ILS inayokuweka kwenye mstari wa barabara ya kutua), unaweza kuendelea kwa viwango vyake vya chini vya urefu, mradi ujue mwisho wako uko wapi, yaani alama ambapo lazima ughairi kama bado huoni uwanja. Kama hukubonyeza saa pale hatua ya mwisho inapoanzia, na huna DME (kipima umbali cha redio) wala GPS ya kukuonyesha, hujui. Hapo ni kughairi kutua tu.

Wengi wanapokosea ni kwenye kasi. Jedwali la muda kwenye chati linataka kasi ya ardhini, si ile unayoisoma kwenye kipimo cha kasi ya hewa. Chukua maili 5 za baharini: kwa noti 90 (maili 90 za baharini kwa saa) ni dakika 3 na sekunde 20. Upepo wa mbele wa noti 15 ukikushusha hadi 75, zinakuwa dakika 4 kamili. Ukifuata muda wa 90, saa itaisha uwanja ukiwa bado mbele yako karibu maili nzima. Upepo wa nyuma ndio mbaya zaidi, maana utapitiliza.

Chati isiyo na jedwali la muda usiitungie lako. Na ukighairi mapema, panda, lakini usikate kona kabla ya kufika hiyo alama ya mwisho.