Kama MS inaletwa na seli T, mbona dawa yangu inaua seli B?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia neva), kila ninaposoma naona seli T, aina ya chembe za kinga, ndo zinashambulia neva, alafu daktari wangu anataka niwekewe dripu ya okrelizumabu inayoua seli B, aina nyingine ya chembe za kinga. Hizo seli B zimeingiaje hapa? Na zikiisha si nitabaki sina kinga kabisa?

JIBU: Marahaba dada, hata madaktari wa neva swali hilo liliwasumbua miaka mingi. Ni kweli seli T ndo zinapenya hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zinaleta uvimbe na kuharibu mayelini, yaani ile tabaka ya mafuta inayofunika neva, ndo hapo mtu anapata ganzi, jicho linaona ukungu, mguu unaishiwa nguvu. Ila seli T haijiamshi tu yenyewe, lazima ionyeshwe kwanza kipande cha protini cha kushambulia, na seli B ni hodari sana kwa kazi hiyo, inakishika, inakionyesha, alafu inamwaga na kemikali za kuzidi kuichochea.

Zamani ilidhaniwa ubaya wa seli B ni kutengeneza kingamwili tu, yaani protini za kinga zinazozunguka kwenye damu. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya jaribio la rituksimabu, ndugu wa dawa yako anayeua seli B pia, madoa mapya kwenye MRI (kipimo cha picha ya ubongo) yalipungua sana ndani ya miezi michache wakati kingamwili kwenye damu kwa ujumla hazikushuka sana. Mi naona pale ndo mambo yalibadilika, ikaonekana ubaya wa seli B si kingamwili tu.

Kuhusu kinga, hutabaki mtupu. Dawa inalenga seli zenye alama ya CD20, ambayo seli B nyingi zinayo, na seli mama za kwenye uboho zinazozaa seli B mpya hazina alama hiyo, wala zile zinazotengeneza kingamwili hazina, na seli T nyingi zinabaki pia. Lakini maambukizi ya kifua na mafua yanaweza kukuandama zaidi, na kabla ya dripu ya kwanza LAZIMA upimwe homa ya ini B maana kirusi chake kinaweza kuamka. Chanjo pia malizia mapema, zile za virusi hai angalau wiki 4 kabla.

Dozi ya kwanza inagawanywa mara mbili, miligramu 300 kisha 300 baada ya wiki 2, baadaye 600 kila miezi 6. Siku hiyo koo likiwasha au ngozi ikitoka vipele mwambie nesi hapohapo, usivumilie, wanapunguza tu kasi ya dripu au wanaisimamisha kwanza.

Neva iliyokwisha kuharibika dawa hii haiirudishi, inachozuia ni mashambulizi mapya, kwa hiyo vipimo vikiwa sawa nakuomba usikae ukisubiri shambulio lingine ndo uanze.