Kuhusu umeme wa maganda ya kahawa

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama shahada yako ya pili hapo Arusha uifanyie vijidudu vinavyotoa umeme kwenye maganda ya kahawa, au ubaki kwenye sola ambako ajira zipo. Makala uliyonitumia nimeirudia. Nimeelewa kwamba vijidudu hivyo hupokezana kazi pasipo hewa: vingine huvunja maganda, vingine huchachusha, na vya mwisho, kama Geobacter, huachia elektroni, yaani chembe ndogo za umeme, kwenye kaboni, zikapita kwenye waya hadi upande wenye oksijeni. Seli moja, yaani kifaa kimoja cha namna hiyo, haifikishi hata volti moja. Potter, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, aliuandikia umeme huo wa vijidudu mwaka 1911, na bado ni mdogo.

Udogo haunisumbui. Mimi nataka kujua hayo maganda yakishatoa umeme yanapelekwa wapi.

Mtambo wetu wa gesi nyuma ya banda nao ni kazi ya vijidudu kupokezana, ila vya mwisho hutoa methani, gesi inayowaka. Bibi yako aliupinga tangu siku ya kuchimba shimo. Wote tulidhani anaona kinyaa kupikia mavi ya ng'ombe. Moto ulipowaka, wa bluu, bila moshi, majirani wakashangilia, yeye akaniuliza tu, "Na migomba yangu itakula nini?" Nikamshika mkono hadi kwenye tundu la kutokea, akaona tope linashuka. Akalichota kwa mkono, akalinusa, akaenda kuleta ndoo. Mwanangu, sijawahi kufurahi vile kihambani, shambani petu pa nyumbani! Kilichotoka shambani kirudi shambani, ndicho alichokuwa anakidai siku zote.

Lakini najibishana mwenyewe. Mtambo unataka ng'ombe, na vijana wenzako hawafugi. Tena maji ya kuoshea kahawa yakimwagwa mtoni hivyo hivyo humaliza oksijeni, viumbe wakafa. Kama vijidudu vyako vitayasafisha hayo maji, hata umeme ukiwa wa kuwasha taa moja ndogo, mimi naona ni kazi kubwa kuliko sola.

Basi, nimeshaanza kukuchagulia, na mama yako amenikataza. Chagua mwenyewe. Ila kabla hujasaini, muulize msimamizi wako kama masalia yatarudi kwa mkulima au yatatupwa nyuma ya maabara. Kilichotoka shambani kirudi shambani. Jibu lake niandikie, hata kama utakuwa umeshaamua.

Baba yako,
Kibosho