Karavani inavuja, mfarishi haujaisha, nami nimechoka

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 44, nimeolewa, nina binti wa miaka 17 na mvulana wa miaka 11. Kazini naandaa mishahara ya wafanyakazi, kwa hiyo mwisho wa mwezi sionekani nyumbani. Raha yangu ni kushona mifarishi ya viraka. Miaka miwili iliyopita mume wangu alinunua karavani kuukuu, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, ili tuwe tunasafiri kifamilia. Tumesafiri mara nne, na mara zote mvua iliponyesha maji yaliingia kwenye kona iliyo juu ya kitanda. Ameshapaka silikoni mara tatu. Kila Jumamosi anaitengeneza, na mimi namshikia tochi. Vifaa vyake vimehamia kwenye meza yangu ya kushonea. Mwezi uliopita aliweka bawaba yenye grisi juu ya vipande vya mfarishi wa binti yetu, niliouanza akiwa na miaka 12. Vipande tisa vimechafuka. Akasema, "Si vitambaa tu, utakata vingine." Nilijifungia bafuni nikalia. Samahani kukuchosha na jambo dogo. Wifi zangu wawili nao wanadai mifarishi niliyowaahidi, na mimi sijui kukataa. Je, niache kushona mpaka karavani iishe? Au nimwambie aiuze? Sitaki ugomvi. Samahani tena.*

*Mama Viraka*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya mengine yote: usivipige pasi vile vipande tisa. Joto la pasi huikaza grisi ndani ya nyuzi, na ikishakazwa kuitoa ni shida. Jaribu kwanza kwenye kona ya kipande kimoja uone kama rangi inachuja. Kama haichuji, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sugua taratibu kwa kidole, acha robo saa, kisha suuza kwa maji ya vuguvugu. Ukiona kivuli bado kipo, rudia. Kama bawaba iliacha na kutu, weka maji ya limau na chumvi, wala usiguse dawa ya kupaushia yenye klorini, maana hiyo huikoleza kutu. Vianike vikiwa vimelazwa juu ya taulo. Kipande kilichokatwa mshazari kikining'inizwa kikiwa kimelowa huvutika, na umbo ulilolikata halirudi.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Umeniomba samahani mara mbili katika barua fupi, na kilio chako umekiita jambo dogo. Mtu aliyetunza vipande miaka mitano, akavikunja na kuvikunjua katikati ya mishahara, watoto na safari, halilii jambo dogo. Nilipofika pale bafuni niliiweka barua chini kidogo kabla ya kuendelea.

Sasa maswali yako. Usiache kushona. Karavani haiishi. Leo ni kona inayovuja, kesho ni mpira wa dirisha, keshokutwa pampu ya maji au breki. Ukisema utashona itakapoisha, umesema hutashona tena.

Kuhusu kuiuza, bado mapema, kwa sababu wewe na mumeo hamjajua mna nini mikononi. Ninachowaomba ni kutenganisha vitu viwili ambavyo nyumbani kwenu vimechanganyika: kinachooza na kinachosubiri. Mfarishi wako, ukiukunja ndani ya foronya safi mahali pakavu, utakusubiri. Ukuta wenye maji hausubiri.

Utaelewa haraka kuliko wengi, kwa sababu ukuta wa karavani nyingi za zamani umepangwa kama mfarishi. Uso ni bati jembamba la alumini, katikati kuna fremu ya mbao, na bitana ni plaiwudi nyembamba ya ndani. Maji yakishaingia tabaka la kati, uso hautakuambia kitu. Tone unaloliona juu ya kitanda huenda limeingilia mbali na hapo, kwenye reli inayoshikilia hema la pembeni, kwenye pembe ya paa au kwenye fremu ya dirisha, likateremka kimyakimya juu ya mbao hadi lilipopata tundu. Ndiyo maana silikoni mara tatu haikusaidia. Silikoni haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu, na mara nyingi huziba mahali maji yanapotokea badala ya yanapoingilia. Kazi yenyewe ni kuvua reli nzima, kukwangua gundi yote ya zamani, kuweka utepe mpya wa gundi ya butili, ambayo hubaki laini na kuvumilia mtikisiko wa safari, kisha kuirudishia reli kwa skrubu zisizoshika kutu.

Kabla ya hayo, pimeni. Kuna kifaa kidogo chenye pini mbili cha kupimia unyevu wa mbao. Kwa kawaida mafundi wa karavani huhesabu chini ya asilimia 15 kuwa sawa, kati ya 15 na 20 kuwa pa kuangaliwa, juu ya 20 kuwa kuna maji yanayohitaji kutafutwa, na juu ya 30 kuwa mbao huenda zimeanza kuoza. Mbonyeze ukuta kwa kidole gumba pia. Ukibonyea, Jumamosi za mumeo peke yake hazitatosha: mwiteni fundi aseme gharama, mkae nayo mezani wote wawili, na kiwango cha kusema "basi, tunaiuza" mkipange kabla hajaanza kubomoa. Mkiiuza, mnunuzi aambiwe kuhusu maji. Hadi ukuta ukauke, hakuna safari. Na siku hiyo mumeo aangalie tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa kila tairi: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama, mara nyingi kabla kashata, yaani michirizi ya juu ya tairi, hazijaisha, na likikaribia miaka saba ni la kubadilisha hata kama linaonekana jipya. Nawe, kama huwa unabeba vitambaa kwenye masanduku ya chini ya viti, hakikisha havijaziba matundu ya sakafuni. Hayo yamewekwa makusudi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hushuka chini kutafuta pa kutokea.

Ila nadhani hukuniandikia kwa ajili ya gundi.

Kuna kingine kinachooza nyumbani mwenu, nacho ni lile neno "si vitambaa tu". Umelikunja ukaliweka. Hukumjibu siku ile, hukumjibu wiki iliyofuata, na sasa kila bawaba unayoikuta mezani inakuja na neno lile. Unasema hutaki ugomvi. Mwanangu, ugomvi mnao tayari, ila unaugombana peke yako bafuni na mwenzako hana habari.

Simtetei, lakini naomba tumtazame vizuri. Mwanamume anayepanda ngazi kila Jumamosi kuziba kona ili mkewe na watoto walale pakavu, si mtu asiyejali. Anajali kwa njia ya kazi ya mikono, kama wewe. Kinachomshinda ni kuiona kazi yako kuwa kazi. Yake ina kelele, ina ngazi, ina vifaa vya kununua. Yako haipigi kelele, na unaifunika kila wageni wakija. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na yeye hajawahi kuoneshwa unavyoviunda.

Kwa hiyo muoneshe. Chagua jioni ambayo si ya mwisho wa mwezi, tena asiwe juu ya ngazi. Kunjua mfarishi wote sakafuni, pamoja na pengo la vile tisa, na umkabidhi kipande kimoja akishike. Mwambie ulianza kuukata binti yenu akiwa na miaka 12. Mwambie: "Uliposema ni vitambaa tu, niliumia sana, na sikukwambia." Ishia hapo, unyamaze. Usianze na "wewe kila siku", usimtaje mama yake, usiitaje bei ya karavani. Akishajibu, omba jambo moja tu linaloshikika: meza ni ya kushonea, vifaa vya karavani viwe na sanduku lake na mahali pake, na kisirudi hata skrubu moja. Mkikubaliana, nawe mkabidhi tochi mvulana wenu. Wa miaka 11 atafurahi kushika tochi na kujifunza, na wewe Jumamosi asubuhi itakurudia.

Safari nazo tuzitazame. Hukulalamika juu yake, lakini hukuandika hata sentensi moja kuwa unazifurahia, na mimi huwa nasoma na yasiyoandikwa. Kwa mumeo safari ni kutoka nyumbani. Nahofia kwako imekuwa ni nyumba ileile iliyopunguzwa ukubwa: kupika kulekule, jiko dogo zaidi, na maji ya kuhesabu. Safari ijayo binti na kaka yake wafungashe nguo zao wenyewe, mumeo abebe jukumu la chakula tangu orodha hadi sufuria, na tarehe isigusane na wiki ya mishahara. Wakisahau chumvi, watakula bila chumvi. Wewe usiikumbuke kwa niaba yao.

Cherehani ibaki nyumbani. Ni nzito, na uzito ndani ya karavani unahesabiwa. Beba bati dogo la biskuti lenye sindano, uzi, kastabini, mkasi mdogo na vipande vya pembe sita vilivyopigwa bandi juu ya karatasi. Viraka vya namna hiyo huungwa kwa mkono, kingo kwa kingo, na karatasi hutolewa baadaye. Huhitaji meza wala umeme. Mvua ikiwakuta, safari hii kwenye karavani isiyovuja, utakuwa na kazi mapajani.

Nyumbani nakuomba uache kushona usiku wa manane. Najua ndio muda uliobaki, na hapo ndipo lilipo tatizo: kazi yako ngumu unaifanya kwa saa za mabaki, baada ya wengine wote kuchukua zao. Unajua kuliko mimi kwamba mshono wa viraka unataka ukingo wa robo inchi, kama milimita 6. Ukichoka ukazidisha milimita moja tu kila upande, safu ya vipande 12 ina maungo 11, na mwisho wa safu umepoteza milimita 22. Hapo ndipo unapokesha ukifumua. Dakika 40 za Jumamosi ukiwa umelala vizuri zinazaa kuliko saa tatu za Jumatano usiku. Hatua moja tu ndiyo inayodai siku nzima na sakafu nzima, ile ya kulaza bitana, pamba na uso na kupiga bandi kutoka katikati kwenda nje. Siku hiyo itangaze nyumbani wiki mbili kabla, kama mumeo anavyotangaza kwamba anapanda paani.

Wifi zako nitawamaliza haraka. Waambie mwaka huu huna nafasi, utawajulisha ukimaliza wa binti yako. Usieleze zaidi. Hata neno moja la sababu litakuwa mlango wa mazungumzo, na wewe mlangoni huwa unashindwa. Kama walikuwa wamekupa vitambaa, virudishe kwa upendo. Wakinuna, wananuna juu ya zawadi ambayo hawakuilipia, na wataacha.

Binti yako ana miaka 17. Huenda muda si mrefu ataondoka nyumbani kwa masomo au kazi, na ningependa sana auchukue mfarishi wake. Ukiisha, shona kilebo kidogo nyuma, kwenye kona ya chini ya bitana. Andika jina lako kamili, na si Mama Fulani, jina lako. Andika mwaka ulipouanza na mwaka ulipoumaliza, yote miwili. Na kama vile vipande tisa vitakuwa vimebaki na kivuli cha grisi baada ya kufuliwa, usivitupe. Viweke mahali binti atakapoviona, umweleze ilivyokuwa pale mezani siku ile, baba yake akiwa amekaa hapo hapo anasikiliza.