Figo imejaa maji, daktari anataka CT kabla ya upasuaji: yaliyonikuta mimi

Mkuu, pole sana kwa mdogo wako. Umeuliza: kama ultrasaundi imeshaonyesha figo ya kushoto imejaa maji, CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka zinazounganishwa na kompyuta) ya nini tena kabla ya upasuaji? Hata mimi niliona ni kukamuliwa hela tu, nikaipiga chenga miezi minne. Nilikosea.

Ubavu wangu ulikuwa unabana kila nikinywa maji mengi. Kila mtu alisema ni mawe. Ultrasaundi iliona figo imetanuka, lakini mrija unaoshusha mkojo kibofuni haikuufuata hadi mwisho, gesi ya utumbo ilikuwa imeuficha. Hospitali ya kwanza ikapanga kuniingilia mgongoni kwa kifaa chembamba, wapasue palipobana kwa ndani.

Daktari wa pili akakataa kunigusa bila CT. Nikapimwa kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwa sababu dawa ya kontrasti, ile inayochomwa ili mishipa na mirija ionekane kwenye picha, hutolewa na figo hizohizo. Kama mdogo wako anatumia metformin (dawa ya kisukari), ana aleji au ana ujauzito, aseme mapema. Picha za kwanza zilipigwa bila dawa, kutafuta mawe. Dawa ilipochomwa, joto lilishuka hadi kinenani. Utahisi kama umejikojolea, usishtuke. Zikafuata picha za mishipa ya damu, kisha tukangoja kama dakika 10 dawa ishuke na mkojo.

Jiwe halikuwepo! Mshipa wa damu unaolisha upande wa chini wa figo ulikuwa umekatiza mbele ya mrija, pale unapoanzia, ukaukunja. Nilioneshwa kwenye skrini nikanyamaza. Wangepasua kwa ndani wangeweza kuukata mshipa ule nivuje damu, na hata wakiukwepa ungebaki palepale unabana. Basi wakafungua ubavuni, wakaondoa kipande kilichobana, wakauunganisha mrija upya ukipita mbele ya mshipa. Mshipa wenyewe waliuacha mzima.

Kwa mdogo wako huenda likawa jiwe kweli. Hapo CT bila dawa hutosha, itasema liko wapi, ukubwa wake na ugumu wake. La chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Gumu sana hata mawimbi ya kuvunjia mawe, yanayopigwa kutoka nje ya mwili, hayalivunji vizuri.

Omba CD ya picha, sio ripoti peke yake, maana mpasuaji atataka kuziangalia mwenyewe. Na akipata homa na baridi pamoja na maumivu hayo, msingoje foleni ya CT wala kliniki ya Jumatatu. Mpeleke dharura usiku huohuo, mkojo uliooza ndani ya figo unatolewa kwanza.