Kwa jamaa aliyenunua Kirikuu na hajui manyuali: usiiuze, shida yako ni klachi sio gia

Kuna jamaa kauliza jana usiku, kanunua Kirikuu (kapikapu ka Suzuki Carry) ya kusambazia maji ya chupa, maisha yake yote kaendesha IST ya shemeji yake ambayo ni oto, inabadili gia yenyewe, sasa kila akiachia klachi gari inaruka kama chura halafu inazima, nyumbani kwake Goba kule kwenye milima, mke anamcheka, anauliza aiuze atafute ya oto au kuna dawa. Majibu mengi niliyoona ni "utazoea tu mkuu". Sasa hilo nalo ni jibu? Ngoja niseme yaliyonikuta mimi maana nilipita humo humo, tofauti ni kwamba mzigo wangu haukuwa maji, ulikuwa mayai.

Mi nipo Kibada, Kigamboni. Leseni ninayo toka 2014 na nilifundishwa kwa manyuali kabisa, lakini shule niliyosoma (jina sitaji) ilikuwa na kagari kamoja, wanafunzi saba, kila mtu dakika ishirini, na mwalimu pembeni ana pedeli zake, kwa hiyo ukikosea klachi yeye anakanyaga kimya kimya, we unaona umeendesha kumbe umeendeshwa. Nikatoka pale nikanunua Vitz ya oto, mguu wa kushoto ukalala miaka mitano. 2019 ndo nikaanza biashara ya mayai, Vitz haibebi, nikachukua Suzuki Carry ya mkononi. Muuzaji akaileta mpaka getini, akanipa funguo, akapanda boda akaondoka. Nikabaki naiangalia kama mtu aliyeletewa ng'ombe na hajui kukamua.

Siku mbili za kwanza nilizima hiyo gari mpaka nikaacha kuhesabu. Kosa langu, na nadhani ndo kosa lako mkuu, nilikuwa nahangaika na gia. Nakariri moja juu, mbili chini, tatu juu, naangalia YouTube usiku, na video zenyewe nyingi za Marekani, mtu kakaa kushoto anabadili gia kwa mkono wa kulia, sisi huku ni kinyume, basi kichwa kinavurugika kabisa. Gia ni kitu cha nusu saa tu. Ukiizima gari kabisa ukakaa nayo barazani jioni moja, unakanyaga klachi unaweka moja, unarudi fri (katikati, pasipo na gia), unaweka mbili, unarudi fri, mkono unashika wenyewe. Kumbuka tu kwa upande wetu moja na mbili zipo mbali na wewe, unasukuma kuelekea mlango wa abiria, na tano ipo karibu na paja lako. Rivasi kwenye yangu ipo chini ya tano. Kuhakikisha upo fri tikisa mkono wa gia kulia kushoto, ukicheza bure bila kukwama, upo fri. Basi, gia zimeisha hapo.

Klachi ndo yenyewe.

Jirani yangu kuna mzee mmoja mstaafu, kaendesha malori ya Tunduma huko miaka na miaka. Siku ya tatu akanikuta napiga stata barabarani nimelowa jasho, akaniambia "kijana, zima kwanza uje unywe maji". Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tukaenda kwenye viwanja vile vya Kibada ambavyo bado havijajengwa, barabara za vumbi zimenyooka, hakuna mtu zaidi ya mbuzi. Kabla sijawasha akanisogezea kiti mbele, akasema kanyaga klachi mpaka chini kabisa, goti lako linatakiwa libaki limekunja kidogo, likinyooka kama fimbo kiti kipo mbali na ndo maana unaachia kwa kuruka. Halafu akaniangalia miguuni, nimevaa malapa. Akanivua. Akasema nenda pekupeku leo, kesho uvae raba zenye soli nyembamba, unataka usikie pedeli.

Halafu akanipa sheria moja ambayo niliiona ya ajabu: mguu wa kulia ukae kwenye breki au sakafuni, mafuta usiyaguse kabisa leo wala kesho. Nikamuuliza sasa gari itaendaje, akasema itaenda.

Na inaenda kweli wakuu. Washa, kanyaga klachi chini, weka moja, kisigino cha kushoto kiweke sakafuni ili mguu usiwe unaning'inia, uachie kwa kunyanyua nyayo tu, taratibu sana. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Unaendelea kuachia, hakuna kitu. Halafu kuna sehemu, ni kama upana wa kidole tu, mlio wa injini unashuka, unakuwa mzito kama mtu aliyebebeshwa gunia, usukani unatetemeka kidogo, na gari inaanza kutambaa yenyewe. Hapo hapo SIMAMISHA MGUU. Usimalizie. Wote tunaozimisha magari tunafika pale gari ikianza kutembea tunafurahi tunaachia yote kwa mkupuo, ndo inaruka na kuzima. Shikilia pale kama sekunde mbili mpaka iwe inatembea kweli, ndo umalizie kuachia. Kisha kanyaga klachi na breki, simama, rudia. Mzee alinirudisha hivyo mara zaidi ya thelathini asubuhi ile, mbuzi wakazoea wakaacha kukimbia.

Kwa nini inafanya hivyo, fundi alikuja kunielewesha baadaye kwa mikono yake miwili. Injini inazungusha sahani moja kubwa ya chuma, wanaiita flaiwili, gia zako zimeunganishwa na sahani nyingine, ndo klachi plati, na kuna springi inazibana zishikane. Ukikanyaga pedeli unaziachanisha, injini inazunguka peke yake. Ukiachia zinakutana. Sasa moja inazunguka kwa kasi na nyingine imesimama, ukizigonganisha ghafla moja lazima imshinde mwenzake, na kwa kuwa gari ni nzito injini ndo inashindwa, inazima. Ukizikutanisha taratibu zinasuguana kidogo mpaka zinaenda mwendo mmoja. Huo msuguano ndo unaoula plati pia, kwa hiyo unauhitaji ila usiuchezee, nitafika huko.

Siku ya tatu ya kufundishwa na mzee ndo nikaruhusiwa mafuta, kidogo tu, kupandisha mlio kidogo kabla klachi haijakamata. Nikaona rahisi kama kula ndizi maana mguu wa kushoto ulikuwa umeshajua pa kusimama. Kubadili kwenda mbili, tatu, nne ni masikio tu, injini ikianza kulia sana inaomba gia ya juu, ikianza kutetemeka na kulalamika kizito inaomba upangue, yaani ushuke gia. Mi kwa yangu mbili naingiza mapema sana, ile moja ni ya kuondokea tu. Usiangalie mkono wa gia, angalia mbele, bodaboda wa Dar hawasubiri umalize kuchagua.

Kusimama napo watu wa oto tunakosea. Tunaogopa kuzima kwa hiyo tunawahi kukanyaga klachi toka mbali, gari inabaki inaserereka yenyewe kama toroli. Breki kwanza, klachi mwishoni pale gari imeshapunguza na inataka kutetemeka. Na kwenye mteremko usiweke fri, najua kuna watu watanibishia hapa eti unaokoa mafuta. Gari za EFI (zinazopulizia mafuta kwa kompyuta) ukiwa kwenye gia na hujakanyaga mafuta kwenye mteremko zenyewe zinakata mafuta, na injini inakusaidia kuzuia. Ukiwa fri na mzigo wa maji nyuma breki ndo zinabeba kila kitu, zikipata moto utamkumbuka mama yako.

Haya, mlima sasa.

Mi mlima wangu wa kwanza ulikuwa pantoni. Nilikuwa na trei mia moja na ishirini, piga hesabu mara thelathini, mayai elfu tatu na mia sita, napeleka Kariakoo. Ningepita daraja la Nyerere ningetokea Kurasini nikutane na malori ya bandarini, nikasema nipite Feri ni karibu. Kuingia pantoni sikupata shida, nateremka. Kutoka upande wa Magogoni ndo kuna kale kamwinuko, na wenye magari tunatoka huku watembea kwa miguu wamejaa pembeni, mabeseni kichwani, kila mtu anawahi. Gari ya mbele yangu ikaondoka, nikatoa mguu kwenye breki niupeleke kwenye mafuta, gari ikarudi nyuma. Nikashtuka nikaachia klachi, ikazima. Nikawasha, ikarudi tena. Nyuma yangu bajaji, nyuma ya bajaji pantoni nzima. Honi. Jamaa wa kivuko anapunga mikono kama anafukuza kunguru. Na joto la injini ya Kirikuu lipo chini ya kiti, we unajua, kalio linaungua na jasho linatoka.

Dereva wa bajaji akashuka, nikajua anakuja kunitukana. Akaja dirishani akasema "Braza, kwani handbreki haifanyi kazi?" Nikasema inafanya. "Sasa unaiweka ya nini? Ivute. Ondoa mguu kwenye breki. Ngoja. Weka moja, mafuta kidogo, achia klachi mpaka usikie gari inajivuta, nyuma inakaa chini kama kuku anataka kutaga." Naapa ndo alivyosema, sijui aliyaona mayai. Nikafanya, na kweli mkia wa gari ukakaa chini, pua ikanyanyuka, lakini haiendi popote maana handbreki imeshika. "Sasa toa handbreki." Nikatoa, ikapanda kama imevutwa kamba. Mayai kumi na nne tu yalivunjika siku ile, na mengine nadhani yalivunjika kwenye matuta.

Kwa hiyo we wa Goba, kabla hujabeba maji tafuta kimlima kifupi kisicho na magari, Jumapili asubuhi, fanya hiyo ya handbreki mara ishirini. Madereva wazoefu watakuambia handbreki ni ya wanafunzi, unatakiwa kubalansi kwa klachi na mafuta tu. Waache. Kubalansi utajua mwenyewe baadaye bila kufundishwa, ila ukianza nako utafanya nilichofanya mimi.

Nilichofanya, baada ya mwezi nikajiona fundi, kwenye foleni za mlimani nikawa nashikilia gari kwa klachi, haiendi mbele hairudi nyuma, najisikia raha kweli. Siku moja nikasikia harufu, sio mpira sio nywele, kitu kinachoma pua, nikadhani ni lori la mbele. Wiki kadhaa mbele nakanyaga mafuta injini inalia gari haiongezi mwendo. Kushusha giaboksi fundi akanionyesha plati, imelika mpaka ripiti zinaonekana. Vipuri Ilala na ufundi vikala faida ya wiki mbili. Toka siku hiyo foleni ikisimama naweka fri, navuta handbreki, mguu wa kushoto naushusha sakafuni. Hata ukiwa unatembea usiuegeshe juu ya klachi, ule uzito kidogo tu unaifanya plati isibane vizuri.

Na ukiegesha iache kwenye gia moja pamoja na handbreki, hasa huko kwenu, ila ujizoeshe kukanyaga klachi KABLA ya kuwasha. Mi nilisahau asubuhi moja, ikaruka ikala ndoo mbili za shemeji yangu. Uzuri ni kwamba betri ikifa unasukumwa unaweka gia ya pili unaachia klachi inawaka, mwenye IST anabaki anapiga simu.

Mkeo mwache acheke, wangu alicheka wiki nzima na sasa Jumamosi anapeleka trei yeye. Wale wengine mliouliza chini ambao hamna leseni kabisa, lena (leseni ya kujifunzia) kwanza na L zenu na mtu mwenye leseni pembeni, msiende kujaribu barabarani kwa kunisoma mimi.

Halafu nimesahau kitu ambacho labda ningeanza nacho. Mkuu kabla hujaulaumu mguu wako, ipime hiyo gari maana umenunua ya mkononi. Sehemu tambarare, mbele pawe wazi, vuta handbreki mpaka mwisho na mguu wa kulia kwenye breki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini inatakiwa izime. Ukiachia yote na bado inaunguruma hiyo plati imeisha, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na angalia pia klachi inakamatia wapi, ikiwa inakamata juu kabisa karibu umalize kuachia, rudi hapa useme, tujue kama ni ya kurekebishwa pedeli tu au ndo upige simu kwa fundi.